Goti la Pindo

Haya niliambiwa na shangazi mtu mwenyewe, mwaka jana, mvua zilipoanza, tulipokuwa tumekaa benchi moja pale kwa daktari wa macho, kila mmoja na kikaratasi chake cha namba mkononi. Mimi nilikuwa wa thelathini na nne, yeye wa thelathini na tano, na huko ndani walikuwa hawajamaliza hata kumi na wawili. Basi yeye akapata wasaa wa kusema nami nikapata wasaa wa kusikiliza. Hakuficha hata yale yanayomwaibisha. Na yale yaliyotokea asipokuwapo, aliyapata baadaye kwa binti wa kaka yake, ambaye ndiye mwenye kisa.

Binti huyo ni mshonaji. Mtaa mzima humwita Chaki, kwa sababu kile kipande cha chaki ya kuchorea vitambaa hakimtoki sikioni; siku moja alikwenda nacho hadi kwenye mazishi, watu wakashindwa walie au wacheke.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Chaki alikuwa amesimama mbele ya meza ya bati kwa daktari wa wanyama, mikono yote miwili imemkumbatia Pindo, paka wake wa miezi tisa. Alimpa jina hilo kwa kuwa ni wa kijivu mwili mzima, ila nyayo zake nne zina mstari mweupe, kama gauni lililopindwa kwa uzi wa rangi nyingine. Daktari alikuwa mama wa makamo, gambuti miguuni, na sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe walio ng'ambo ya mto.

"Ameanza lini kuchechemea?"

"Leo wiki ya pili, Daktari. Alipigwa teke."

"Na nani?"

"Na mtu aliyekuwa anioe."

Daktari alimtazama juu ya miwani. Alimlaza Pindo ubavu, akaushika mguu wa nyuma wa kushoto, akaunyoosha, akaukunja. Goti likasema *tk*, kama kifungo cha kubana kinapoachia. Akaushika wa kulia, akaukunja nao. Ukasema *tk*, kwa sauti ndogo zaidi.

"Ngoja nje, dada," alisema. "Huyu nampiga picha."

Chaki alikaa kwenye kiti cha plastiki, akawaza yale aliyojikataza kuyawaza kwa wiki mbili nzima. Alimwaza Misumari.

Misumari ni fundi makochi, na jina hilo alilipata kazini. Fundi makochi akipigilia kitambaa huweka misumari midogo mdomoni, kumi, kumi na tano, akaichomoa mmoja mmoja huku mkono mwingine umeshika nyundo. Ukimsalimu anaitikia kwa nyusi. Miaka miwili Chaki alimpenda mwanaume anayeongea kwa nyusi, akajifunza kuzisoma: hii ni ndiyo, hii ni nenda zako, na ile ya kushoto ikipanda peke yake ni nakupenda lakini nina misumari.

Siku ile alikuja kukarabati benchi la wateja pale dukani kwa Chaki. Chaki alikuwa chumba cha nyuma anapiga pasi. Ghafla akasikia kopo la misumari likianguka sakafuni, Pindo akilia kwa uchungu, na sauti ya shangazi yake mlangoni: "Unampiga teke mnyama! Nimekuona! Nimekuona kwa macho yangu!"

Chaki alitoka mbio. Pindo yuko pembeni, mguu wa kushoto ameuinua juu. Misumari amesimama, mdomo umefungwa.

"Umempiga?" Chaki aliuliza.

Misumari akainua mkono, kama anayesema ngoja. Akaanza kutoa misumari. Mmoja. Wa pili. Wa tatu. Huwezi kuitema kwa pupa, utaumeza mmoja. Lakini mwenye hasira hayajui hayo, na kwa Chaki kila msumari uliotoka ulikuwa uongo unaotungwa. "Leo paka, kesho wewe," Shangazi alikuwa akisema pembeni, anatetemeka. Misumari alipofika wa saba, Chaki alikuwa ameshavunja uchumba, ameshamwonyesha mlango, ameshamtupia na nyundo yake barazani.

"Dada! Njoo uone."

Daktari alikuwa ameibandika picha ya eksirei kwenye taa.

"Mimi naona umetundika tepu shingoni, wewe fundi nguo, basi nitakueleza kwa lugha yako. Huu mfupa wa paja. Hapa mbele ya goti kuna kifupa kidogo, tunaita pia ya goti. Inatakiwa ipande na kushuka ndani ya mfereji wake, kama zipu kwenye reli. Sasa ya huyu iko wapi?"

Chaki akasogeza uso. "Pembeni."

"Pembeni kabisa. Kwa sababu mfereji wenyewe hauna kina. Ndiyo maana anatembea vizuri, ghafla anakwama, anaruka hatua moja, anautupa mguu nyuma, pia inarudi, anaendelea kama hakuna lililotokea. Sivyo?"

"Ndivyo. Tulikuwa tunasema anacheza."

"Hachezi. Anateguka."

"Basi ni lile teke lililoitoa?"

Daktari akacheka kidogo, cheko lisilo na furaha. Akaweka kidole upande wa pili wa picha. "Tazama goti la kulia."

Chaki akatazama. Kifupa cha kulia nacho kilikuwa kimekaa upande, si sana, lakini hata asiyesoma udaktari angeona.

"Huyo mchumba wako," Daktari akasema, "alimpiga magoti yote mawili? Tena alipokuwa bado tumboni mwa mama yake? Amezaliwa nayo haya, dada. Amezaliwa nayo."

Chaki alisikia maneno yote, moja moja, lakini hayakutaka kukaa pamoja kichwani.

"Shangazi yangu aliona," alisema, na sauti yake mwenyewe ilimjia kwa mbali.

"Sijui alichoona shangazi. Nakwambia ninachokiona mimi. Hebu shika mapaja. Hili. Na hili."

Chaki alishika. La kushoto lilikuwa jembamba, laini, kama mkono wa shati usio na mtu ndani.

"Paja lisilofanya kazi hunywea polepole. Hili limechukua miezi, si wiki mbili. Kama kungekuwa na kipimo cha zamani ningekuonyesha ubishi ukaisha hapa hapa. Lakini nani duniani anapima paja la paka?"

Mkono wa Chaki ulipanda wenyewe hadi shingoni, ukaishika tepu, ukabaki hapo.

"Dada? Unataka maji?"

"Mimi," Chaki alisema. "Mimi nilimpima."

Alhamisi, Daktari alisema, watampasua goti la kushoto, wauchimbe mfereji uwe na kina, pia ikae mahali pake. La kulia litachungwa tu, halijafika pa kisu. Baada ya hapo wiki sita ndani ya kizimba: kutoruka, kutopanda meza, kutokimbia. Na hata akipona, awekewe kipandio, asirukie vitu virefu. Chaki aliitikia ndiyo, ndiyo. Daktari akamwandikia yote kwenye karatasi, maana alimwona hayupo.

Hakumbuki alivukaje barabara. Alijikuta dukani kwake, kapu la Pindo mkono mmoja, mkono mwingine unafunua daftari la vipimo. Alirudi nyuma kurasa nyingi, miezi minne nyuma. Likaja. Mwandiko wake mwenyewe, na kalamu ile ya kijani.

*Mteja: Bi Pindo. Suruali moja. Kiuno inchi tisa. Paja inchi nne na nusu. Tundu la mkia.*

Ulikuwa utani wa Misumari. Kochi la mahameli nyekundu lilikuwa limebakiza kipande, naye akaja nacho mfukoni. "Huyu ndiye mteja wako wa kwanza kila asubuhi," alisema, "anafungua duka nawe, na hujawahi kumshonea hata leso. Mshonee suruali." Chaki akashona. Akapima kama mafundi wote wanavyopima: paja moja, la kulia, kisha unakunja kitambaa unakata mara mbili, kwa maana miguu ni ndugu. Walipomvisha, mguu wa kulia ulikaa sawasawa, wa kushoto ukaporomoka hadi chini. Pindo akatembea hatua tatu, akakanyaga suruali yake, akaanguka kifudifudi. Walicheka hadi Misumari akakaa chini.

Na chini ya vipimo, kwa kalamu hiyo hiyo ya kijani, kwa sababu yeye kila marekebisho huyaandikia tarehe wateja wasije wakambishia: *Kushoto inapwaya. Punguza nusu inchi.* Na tarehe. Miezi mitatu na nusu kabla ya siku ya teke.

Suruali yenyewe ilikuwa inaning'inia nyuma ya mlango. Aliishusha, akaigeuza nje ndani. Mshono wa kushoto ulikuwa umeingizwa nusu inchi, nadhifu. Ushahidi aliushona mwenyewe, kwa mkono wake, akautundika ukutani, akapita mbele yake kila siku.

Akakaa, suruali mapajani.

Shangazi alikuwa kwenye kona yake karibu na dirisha, wembe mkononi, anafumua gauni la mteja aliyenenepa. Ndiye aliyemlea Chaki tangu wazazi walipofariki. Hakuwahi kumtaka Misumari: mwanaume ananuka gundi, sponji kwenye nywele, haongei. "Mtu asiyeongea ana lake jambo," alikuwa akisema kila akipata nafasi.

"Daktari kasemaje?"

"Shangazi, siku ile uliona nini?"

"Tumeanza tena? Niliona teke."

"Uliona mguu wake ukimgusa Pindo?"

"We mtoto, unanihoji kama mwizi wa kuku? Niliona mguu ukiinuka."

"Halafu?"

"Halafu paka akalia."

"Na katikati?"

"Katikati ya nini?"

"Katikati ya mguu kuinuka na paka kulia, Shangazi. Uliona nini?"

Wembe ulisimama. Shangazi alitazama gauni lililo mapajani mwake, akatazama dirisha, akalirudia gauni. Nje mtu alikuwa anasukuma mkokoteni wa chupa tupu, zikagongana hadi zikaishia kona.

"Katikati nilifumba macho," alisema.

"Ulifumba?"

"Nilifumba, mwanangu. Mguu wa mwanaume ukiinuka karibu yangu, mimi hufumba. Sijui kufanya vingine. Miaka kumi na moja niliyokaa kwa yule bwana aliyenioa, nilijifunza hivyo: mguu ukiinuka, fumba, maana kinachofuata unakijua. Sasa nikasikia kilio, nikajua kilichofuata. Nilikijua! Ningekula yamini mbele ya mtu yeyote."

"Shangazi, ulisema umeona kwa macho yako."

"Niliona. Humu ndani niliona." Akajigonga kichwani kwa kidole, na machozi yakaanza kumtoka bila kelele. "Niliogopa usije ukaishi kama nilivyoishi. Basi."

Chaki alitaka kupiga kelele. Alitaka kuvunja kitu. Lakini alimwona yule mama aliyemfunga viatu vya kwanza vya shule, amekaa na wembe mkononi kama mtoto aliyekamatwa, na hasira ikakosa pa kushika. Isitoshe, Shangazi ndiye aliyesema uongo bila kujua; aliyeuamini bila kuuliza ni nani? Akachukua daftari, akachukua suruali ya mahameli, akatoka.

Karakana ya Misumari iko mtaa wa pili, nyuma ya mashine ya kusaga. Chaki alipinda kona. Kibao kilichoandikwa MAKOCHI NA MITO kilikuwa kimeshushwa, kimeegemezwa ukutani uso ndani. Marundo ya sponji hayapo. Meza ya kukatia haipo. Katikati ya chumba kilicho wazi, Misumari alikuwa amepiga magoti mbele ya kiti kimoja tu kilichobaki, nyundo mkononi, mashavu yamejaa misumari. Amevaa shati aliloshonewa na Chaki, mkono wa kulia umekunjwa hadi juu ya kiwiko, kama kawaida yake.

Alimwona. Nyusi hazikusema kitu. Zilikaa tu pale, kama za mtu usiyemjua.

"Unahama?" Chaki aliuliza.

Misumari akaanza kutoa misumari. Mmoja. Wa pili. Chaki alisimama, akangoja. Wa tano. Wa tisa. Aliihesabu yote, na kila mmoja ulimchoma, maana sasa alijua ni sekunde ngapi alizomnyima siku ile. Ilikuwa kumi na minne.

"Jumamosi," Misumari akasema. "Kuna kiwanda cha vitanda, mji mwingine. Nimekubali." Akafuta mdomo. "Karibu. Kiti ndicho hicho, lakini hakijakauka gundi."

"Hukumpiga teke."

"Najua."

"Amezaliwa na ugonjwa wa magoti. Yote mawili. Daktari kanionyesha. Na mimi mwenyewe, tazama, mimi mwenyewe niliandika..." Akafunua daftari, akamnyooshea. "Kushoto inapwaya. Tulicheka, unakumbuka? Paja lilikuwa limeshanywea tangu hapo. Nilikuwa nalo hili daftari. Siku zote nilikuwa nalo."

Misumari alisoma. Akaigusa ile suruali kwa kidole kimoja, akakiondoa upesi kama amegusa pasi.

"Kopo lilianguka," alisema polepole. "Pindo akaja mbio kuchezea misumari. Mikono yangu ilikuwa imeshika mbao, nikanyoosha mguu nimzuie asikanyage. Akageuka ghafla, akalia. Ni hivyo tu. Nilikuja kukueleza mara mbili. Shangazi alisema hutaki kuniona."

"Hakuniambia kama ulikuja. Nisamehe."

"Chaki, si Shangazi aliyeniuma." Alisimama, akajikung'uta magoti. "Miaka miwili. Wewe unajua nikiumwa jino kabla sijasema. Siku ile ulihitaji kungoja misumari saba iliyobaki, ukashindwa. Mimi nimekaa humu nikajiuliza: kumbe alikuwa ananionaje siku zote hizi? Kumbe ndani ya macho yake mimi ni mtu anayeweza kupiga kitoto cha paka?"

Chaki aligeuza uso asilie mbele yake, na hapo ndipo alipokiona kitu kilichowekwa pembeni, chini ya gunia. Nyekundu. Mahameli ile ile.

Akalivuta gunia. Kilikuwa kipandio. Daraja tatu ndogo, zimewekewa sponji, zimevishwa mahameli, misumari imepangwa pembeni kwa mstari ulionyooka. Na daraja ya nne ilikuwa mbao tupu, haijavishwa. Urefu wa kipandio chote ulikuwa sawa na wa meza ya Chaki ya kushonea. Vumbi lilikuwa limeshaanza kukaa juu yake.

"Hiki nini?" aliuliza, ijapokuwa alijua.

Misumari alikuna kichwa. "Niliona haruki. Paka wa umri wake anaruka hadi juu ya kabati, huyu anapanda kwa kucha kwenye pazia lako. Nikasema labda mvivu. Nikataka kumletea siku ya ndoa. Sikukimaliza."

Yeye mwenye daftari, mwenye tepu, aliyelala na paka yule miguuni kila siku, hakuona. Huyu aliyemfukuza kwa tuhuma za ukatili ndiye aliyeona, tena kabla ya Daktari, akampigilia ngazi ya mahameli bila kumwambia mtu.

"Alhamisi wanampasua," alisema, na sasa machozi yalikuwa yanamwagika, hakuyazuia tena. "Anatakiwa kizimba. Wiki sita. Sijui wa kumwomba. Sistahili kukuomba."

Nyusi ya kushoto ya Misumari ilitaka kupanda, akaishusha.

"Urefu gani?"

"Ageuke tu, asiruke."

"Kitakuwa tayari Alhamisi saa tisa. Ni kwa ajili ya Pindo. Si kwa ajili yako."

"Nimesikia."

"Na Jumamosi naondoka."

"Nimesikia," Chaki akasema tena, na akarudi nyumbani anatembea kama mtu aliyevaa viatu visivyo vyake.

Alhamisi Pindo alipasuliwa asubuhi. Daktari alitoka na gambuti zake, akasema pia imekaa, sasa kazi imebaki kwa mwenye paka. Saa tisa kasoro Chaki alikuwa dukani, Pindo amelegea ndani ya kanga mapajani mwake, paja la kushoto limenyolewa na lina mshono ambao Chaki aliukagua bila kutaka: nyuzi saba, umbali sawa. Kazi safi.

Misumari alibisha mlango uliokuwa wazi. Kizimba kilikuwa begani, kipandio kwapani, nyundo kiunoni.

"Shikamoo, Shangazi."

Shangazi alikuwa amekaa kwenye kona yake. Alisimama. Aliketi. Akasimama tena. Chaki hajawahi kumwona amekosa neno, lakini leo ulimi ulimganda.

"Marahaba," alisema hatimaye. "Mwanangu. Mimi sikuona."

Misumari akaweka kizimba chini. "Nini, Shangazi?"

"Siku ile. Sikuona. Nilifumba macho. Nilimwona mwingine, wa zamani, nikakuvisha wewe uso wake." Alikuwa anafinya ukingo wa nguo yake kana kwamba anaupinda. "Nimekufukuza mara mbili hapo mlangoni na ulikuwa na haki yako. Ukitaka kunitukana, nitukane, nipo."

Misumari alimtazama yule mama kwa muda, kisha akaenda akavuta kile kiti chake cha dirishani, akakibonyeza, akakitikisa.

"Kiti hiki kina sponji iliyokufa, Shangazi," alisema. "Unakaliaje hiki? Mgongo hauumi?"

"Unauma."

"Ndiyo maana mkali."

Shangazi alitoa sauti ambayo haikuwa kicheko wala kilio, akajifuta pua kwa lile gauni la mteja.

Walimlaza Pindo kizimbani. Kilikuwa kimewekewa godoro dogo, kuta zimevishwa kitambaa asijigonge, na mlango wake ulifunguka kwa juu, ili mtu amwinue bila kumvuta mguu. Vichwa vya Chaki na Misumari vilikaribiana juu yake. Gundi, vumbi la mbao, sabuni. Chaki aliikosa harufu ile wiki mbili kama mtu anavyokosa chumvi.

"Simama," akasema ghafla.

"Kwa nini?"

"Simama tu. Nataka kukupima."

"Chaki, keshokutwa mimi..."

"Najua. Simama."

Misumari alisimama. Chaki alivua tepu shingoni. Akapima bega. Akapima kifua, na mikono yake ilipomzunguka alisikia moyo wa mwanaume yule ukidunda kwa nguvu, lakini akajifanya hajasikia, akaandika. Akapima mkono wa kushoto, unene juu ya kiwiko. Inchi kumi na mbili. Kisha, kitu ambacho hajawahi kukifanya kwa mteja hata mmoja tangu ajifunze kazi, akahamia upande wa pili. Mkono wa kulia, wa nyundo.

Akasoma tepu. Akaisoma tena. Inchi kumi na tatu na robo.

Chaki aliutazama ule mkono wa shati uliokunjwa, ule aliodhani anaukunja kwa mbwembwe. Mshono wa kwapa ulikuwa umeanza kuachia.

"Yanakubana," alisema. "Mashati yangu. Yote yanakubana kulia."

Nyusi ya Misumari ilikiri.

"Miaka miwili? Mashati sita? Mbona hukusema?"

"Hukuuliza."

Neno hilo lilimwingia hadi kwenye mfupa. Alisimama na tepu mkononi, hawezi kulia, hawezi kucheka. Halafu akainama, akaandika kwenye daftari kwa kalamu ya kijani: kushoto kumi na mbili, kulia kumi na tatu na robo.

"Kuanzia leo napima pande zote mbili," alisema bila kuinua uso. "Hata kama ukienda. Hata kama shati hili utalivaa mbali. Nilitaka tu nikupime sawasawa mara moja."

Misumari alitembea hadi kwenye benchi la wateja, lile alilokuja kulikarabati. Upande mmoja ulikuwa umemalizika, wa pili kitambaa kilikuwa bado kinaning'inia, na kwa wiki mbili wateja wote walikuwa wakibanana upande mmoja kama ndege kwenye waya. Alichomoa nyundo kiunoni. Akatazama kizimba. Akairudisha nyundo kiunoni.

"Hili siwezi kulipigilia sasa," alisema. "Nitamwamsha."

"Kweli."

"Na kesho bado atakuwa anaumwa."

"Atakuwa anaumwa, ndiyo."

"Daktari alisema wiki ngapi?"

Chaki akainua uso. "Sita."

"Basi wiki sita sina pa kupigia nyundo." Alikaa kwenye benchi, upande uliomalizika. "Wale wa kiwandani nitawaambia watafute mtu mwingine. Andika tarehe, Chaki. Hujaandika tarehe."

Nyusi ya kushoto ikapanda peke yake.

Chaki aliandika tarehe. Mwandiko ulikuwa mbovu, namba zimelala hovyo.

Mvua ikaanza kunyesha, wateja hawakuja, jua bado halijazama lakini duka liliingia kiza cha mawingu. Pindo alikuwa ameshalala, ulimi nje kidogo kwa sababu ya nusukaputi. Shangazi alisinzia wa pili, kwenye kiti chake kibovu, wembe umefungwa, miwani kifuani. Misumari, ambaye tangu Jumanne hakufumba jicho kwa sababu ya kizimba, alijinyoosha kwenye benchi, nusu juu ya sponji, nusu juu ya mbao, akakoroma kabla ya kumaliza kuaga. Chaki alimfunika kitambaa cha suti ya mtu.

Kisha akakaa sakafuni, akaegemea kizimba, akapitisha vidole viwili kwenye upenyo hadi vikagusa unyayo wenye mstari mweupe. Ulikuwa na joto. Alitazama huku, akatazama kule, kushoto na kulia, akahakikisha wote wapo. Ile chaki ikamdondoka sikioni, ikabingirika chini ya meza. Aliwaza kuifuata, akasema baadaye, na usingizi ukamchukua.